Zana huria za kupima programu: kutoka Chicago hadi Mji wa Kale

Kebo ya TEAMS, ipitayo chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilifika Mombasa mwezi Juni 2009 na kupandishwa nchi kavu karibu na Fort Jesus, ukingoni mwa Mji wa Kale. Kabla ya hapo eneo hili lilitegemea setilaiti, na intaneti yake ilikuwa ghali tena ya kusuasua. Kebo hiyo iliwawezesha waandishi wa programu kisiwani kuzifikia kwa wepesi zana zilizoundwa ng'ambo na kutolewa bure.

Mojawapo ni Selenium. Ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins, mwandishi wa programu katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago. Huggins alichoshwa na kubofya vitufe vilevile kila programu ya kampuni ya kurekodi saa za kazi na gharama ilipobadilishwa. Akaandika msimbo wa kumfanyia kazi hiyo. Jina lenyewe ni mzaha: seleniamu husemwa kuwa dawa ya sumu ya zebaki, na Mercury, yaani zebaki, ilikuwa kampuni mshindani iliyouza zana za kupima programu.

Mwaka 2009 Selenium iliamuliwa kuunganishwa na WebDriver ya Simon Stewart, na mwaka 2018 kanuni za WebDriver zikawa kiwango rasmi cha shirika la W3C.

Kwa Mombasa hili si jambo la anasa. Muuza viungo wa Marikiti akipokea malipo kwa mtandao, programu isiyopimwa yaweza kumtoza mteja mara mbili kwa sababu tu kitufe kimebofywa mara mbili. Zana ya kupima hufungua kivinjari, hujaza fomu, hubofya mara mbili kwa makusudi, kisha huhakiki kiasi kilichokatwa. Tatizo ni kwamba zana hizo huwekewa kikomo cha kusubiri. Intaneti ikizorota, jaribio huanguka ilhali programu haina kosa, nalo ni tatizo ambalo mwenye intaneti ya kasi huenda asilione kamwe.

Hapo ndipo uhuria unapofaa. Leseni ya Selenium, Apache 2.0, humruhusu yeyote kuusoma msimbo, kuurekebisha na kuusambaza. Anayeanza huripoti kasoro, hunyoosha maelezo ya matumizi, kisha huwatumia wasimamizi sahihisho dogo la msimbo. Likikubaliwa, hutumika Mombasa na Chicago vilevile. Vijana wa kisiwani wenye nia hiyo wana pa kukutania: kituo cha Swahilipot, kilichoanzishwa mwaka 2016, kiko karibu na Fort Jesus.