Kujipanga kwa seli

Kujipanga kwa seli ni mwenendo wa seli za tishu tofauti, zikishatenganishwa na kuchanganywa, kujitenga tena aina kwa aina bila kuelekezwa kutoka nje. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alikamua sifongo ya baharini kupitia kitambaa chembamba. Seli zilizotawanyika zilikusanyika zikaunda sifongo hai upya. Philip Townes na Johannes Holtfreter walichanganya seli za viinitete vya amfibia na kuchapisha matokeo mwaka 1955: seli za ngozi ya baadaye zilihamia nje, nyingine zikabaki ndani.

Maelezo ya kifizikia yalitolewa na Malcolm Steinberg katika miaka ya 1960. Kwake, tishu changa hutenda kama kimiminika: seli zinazoshikana kwa nguvu zaidi hukaa katikati, na zile zenye mshikamano hafifu huzizunguka, jinsi vimiminika viwili visivyochanganyika vinavyojitenga. Mshikamano huo hutegemea hasa kadherini, protini za utando wa seli zinazohitaji kalsiamu. Hata hivyo, mshikamano pekee hautoshi kueleza yote. Mvuto wa nyuzi za aktini na miosini chini ya utando, unaokaza uso wa seli, una uzito mkubwa pia.