Lenzi Nyumbufu, Si Lenzi ya Kukuza

Orodha mpya ya istilahi za upigaji picha imenifikia, na humo jopo lililoiandaa limeiita lenzi inayobadili urefu wake wa fokasi "lenzi ya kukuza". Silikubali jina hilo. Nasema hapa kwa sababu kwenye vikao vyao sikuitwa.

Chukua lenzi ya milimita 16 hadi 35. Mpiga picha za majengo huifunga kwenye kamera ili ukumbi mzima uenee katika picha moja. Hata ikifika 35 bado inaona kwa upana. Inakuza nini? Kinyume chake, lenzi ya milimita 300 isiyobadilika huuleta uso wa mchezaji karibu kabisa, lakini haitoki kwenye 300 yake. Basi jina la jopo linaikaribisha hii, na linaifukuza ile iliyokusudiwa.

Kinachotokea ndani ni mnyumbuko. Weka lenzi inayotawanya miale, yenye fokasi ya milimita 100, mbele ya inayoikusanya, ya milimita 50. Zikiachana kwa milimita 50, urefu wa fokasi wa jozi hiyo ni 50. Zikisogeleana hadi zibakize 12.5, unakuwa 80. Vioo ni vilevile, nafasi kati yake ndiyo iliyobadilika.

Kunyumbua ni kuvuta kitu kikarefuka pasipo kukatika. Wanasarufi walikiona kitenzi hiki kinafaa, wakasema vitenzi hunyumbulika: pigia, pigwa, pigisha, na mzizi pig- umetulia palepale. Ndivyo ilivyo lenzi hii. Tena kiishio -fu, ndugu wa -vu ya mvumilivu na mpotevu, hutaja tabia iliyo ndani ya kitu chenyewe, hakitaji kazi aliyoibuni mtu wa kamati.

Wapo wanaotaka "zumu" ibaki. Kwa Waingereza neno hilo lilianza kama mwigo wa mvumo, marubani wakaliazima kwa ndege inayopaa ghafla. Halina habari yoyote ya lenzi. Fokasi, ingawa nayo ni ya kukopa, naikubali, maana Kepler alipoiingiza katika elimu ya mwanga mwaka 1604 alichagua neno la Kilatini lenye maana ya meko, mahali pa moto, na miale ya jua ikikutana huchoma kweli. Tena hata lenzi ya chapa ya Cooke ya mwaka 1932, ya milimita 40 hadi 120, haikuitwa zumu, iliitwa Varo, jina linalodokeza kubadilika.

Mwenzangu mmoja ameandika kuwa nyumbufu ni neno la darasani. Mpira wa manati hunyumbuka mikononi mwa mtoto asiyejua kitenzi ni nini.

Kukuza kuna mahali pake: simu inapokata kipande cha picha na kukitandaza ilhali hakuna kioo kilichosogea, huko ni kukuza, na jopo lilipeleke neno lake huko.

Katika matumizi: lenzi nyumbufu ya 24 hadi 70, nyumbua hadi 70, isiyonyumbuka iitwe lenzi thabiti.