Abiria na Daraja la Mto Tana

Ewe msomaji, ukipata kusafiri kwa basi kutoka Garissa kwenda Nairobi, utavuka daraja la Mto Tana kabla hujakaa vizuri kitini. Kwa miaka mingi basi lilisimamishwa hapo, abiria wakateremka na kupanga mstari, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Asiyekuwa nacho aliachwa nyuma. Huenda ukadhani kwamba desturi hiyo ilianza na mashambulizi ya siku zetu. Sivyo, asili yake ni kongwe kuliko basi lenyewe.

Mwaka 1902 serikali ya Waingereza ilitunga Sheria ya Wilaya za Mbali. Kwa sheria hiyo wilaya iliweza kufungwa, mtu asiingie wala asitoke ila kwa ruhusa ya maandishi. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa hivyo, Garissa, Wajir na Mandera zikiwamo. Waafrika wa sehemu nyingine nao walibebeshwa kipande shingoni, lakini huku ilikuwa nchi nzima imetiwa kufuli. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine, iliyowapa maofisa nguvu ya kuliadhibu kabila zima kwa kosa la wachache, hata kutwaa mifugo.

Uhuru ulipopatikana, tarehe 12 Desemba 1963, wengi walitazamia kufuli kufunguliwa. Mwezi haukwisha, hali ya hatari ikatangazwa, kwa kuwa wapo waliotaka kuungana na Somalia, na vita vya Shifta vilikuwa vimeanza. Vita vilikoma mwaka 1967. Hali ya hatari haikuondolewa hata mwaka 1991. Hesabu mwenyewe miaka hiyo! Na mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kuchunguzwa upya na kuchukua kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho cha kawaida.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 39, humpa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Lakini uhuru huo ulitegemea kadi, na ili kuipata kadi, kijana wa Garissa alipaswa kusimama kwanza mbele ya kamati ya uchunguzi, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakuulizwa.

Serikali ilikuwa na hoja, nasi tusiidharau. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, wauaji waliwatenga abiria wa basi kwa dini na kuwaua 28. Tarehe 21 Desemba 2015 walilisimamisha basi jingine na kutaka vivyo hivyo. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa, na wanawake wakawavisha wenzao Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa Januari 2016.

Uchunguzi wa vitambulisho uliendelea miaka tisa zaidi, hadi tarehe 5 Februari 2025, Rais William Ruto alipotia sahihi mjini Wajir tangazo la kuukomesha.