Kitundu na Kioo: Jicho la Mpiga Picha Mbele ya Miamba ya Chemba

Anayetoka Dodoma kwenda Kondoa kwa njia kuu ya kaskazini huipitia Chemba, na aghalabu huipita bila kusimama. Wilaya hiyo ilizaliwa mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Kondoa, lakini yaliyomo ndani yake yana umri ambao daftari za serikali haziufikii. Upande wa magharibi, pande za Farkwa na Kwa Mtoro, ndiyo nchi ya Wasandawe, watu wenye lugha ya vidoko isiyofanana na ya jirani zao yeyote. Katika miamba ya nchi hiyo, kama ilivyo katika miamba ya Kolo iliyo jirani, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, mna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: wanyama wa porini, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu.

Michoro hiyo inafifia. Jua, mvua, moshi wa wachungaji na mikono ya wageni vimekuwa vikiila kidogo kidogo. Kila anayesimama mbele yake na kamera ndogo ya siku hizi hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: aliweke jicho kwenye kitundu cha kutazamia, au aishike kamera mbali na uso na kutazama kioo cha nyuma? Kwa mpiga picha za harusi, hilo ni suala la mazoea tu. Kwa mwenye kutaka kuichukua picha inayokaribia kutoweka, jibu lake huamua ni nini kitakachoonekana, na zaidi ya hapo, ni nani atakayeona.

Neno lenyewe lataka kuangaliwa kwanza. Kiswahili huita kioo kile tunachojitazamia, na kioo tena uso wa simu au wa kamera unaoonyesha picha. Kwa hiyo mafundi wanaposema kwamba kamera hizi mpya hazina kioo, msikilizaji wa Pwani hushangaa, kwani kioo anakiona pale nyuma kinang'aa. Kilichoondolewa ni kile cha ndani, kilichokuwa kikiipeleka sura kwenye kitundu. Kilichobaki ni cha nje. Lugha nyingine huvitenga viwili hivyo kwa majina mbalimbali. Kiswahili kimeviacha chini ya jina moja, na pengine kimefanya hivyo kwa busara, maana historia ya kamera ni historia ya kioo kuhama kutoka mahali hadi mahali.

Wako wanaodai kwamba kutazama kioo ni tabia ya vijana wa simu, na kwamba mpiga picha wa kweli hufumba jicho moja na kuchungulia. Madai hayo hayana nasaba. Mzee wa viwili hivi ni kioo. Unguja imewajua wapiga picha tangu karne ya 19, na studio ya A. C. Gomes ni miongoni mwa zilizotangulia. Kamera za zama hizo zilikuwa masanduku ya mbao yenye kioo chenye ukungu upande wa nyuma. Sura ya mtu ilianguka juu ya kioo hicho kichwa chini, miguu juu, na fundi alijifunika nguo nyeusi kichwani ili mwanga wa nje usiifute. Kitundu cha kuchungulia kilitamalaki baadaye, pale kamera ilipokuwa ndogo ya kubebwa mkononi, hasa baada ya Leica kuonyeshwa hadharani Leipzig mwaka 1925.

Na kitundu hicho cha kwanza kilikuwa na ila. Kilikaa kando ya lenzi, hivyo jicho liliona kutoka mahali pamoja na filamu ikaona kutoka mahali pengine. Kwa mlima au jahazi lililo mbali, tofauti hiyo haidhuru. Kwa mchoro wenye ukubwa wa kiganja, unaopigwa kutoka hatua moja, mnyama aliyekuwa mzima kwenye kitundu huweza kutokea hana pembe kwenye karatasi. Rolleiflex ya mwaka 1929 ilimrudishia mpiga picha kioo cha kuinamia, lakini nayo ilikuwa na lenzi mbili, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia, basi ila ikabaki. Aliyeiondoa ni kioo cha ndani, kilicholifanya jicho na filamu vitumie lenzi moja. Nacho kikatawala kwa miongo mingi.

Katika miongo hiyo hiyo ndipo michoro ya bara ya kati ilipoanza kuandikwa kwenye majarida. T. A. M. Nash, mtafiti wa mbung'o aliyekuwa Kondoa, alitoa taarifa yake mwaka 1929. Henry Fosbrooke na wenzake walijaza toleo la jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950. Mwaka uliofuata akaja Mary Leakey, na jambo la kushangaza ni chombo alichokitegemea. Kamera zilikuwapo, tena nzuri, lakini yeye alibandika karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mistari kwa mkono, sura moja baada ya nyingine, hadi zikafika kama 1,600. Baadhi ya nakala hizo alizitia katika kitabu mwaka 1983, na jina la kitabu lilizungumzia sanaa inayotoweka.

Sababu yake inafahamika kwa yeyote aliyeiona miamba hiyo. Wekundu wa rangi hukaribiana mno na wekundu wa jiwe. Michoro imepandana, ya jana juu ya ya juzi. Na ukuta wenyewe umebonyea na kubenuka. Jicho la binadamu likiongozwa na mkono hutenganisha yale ambayo filamu iliyachanganya. Lakini hasara yake pia ni kubwa: anayefuatisha mstari hufuata ule alioutambua, na asioutambua hupotea pamoja naye. Wageni wengine, sehemu mbalimbali za Afrika, walimwagia michoro maji ili ing'ae mbele ya lenzi. Picha walizipata, na jiwe wakaliharibu.

Kamera isiyo na kioo cha ndani iliingia sokoni mwaka 2008, Panasonic ilipotoa Lumix G1. Hiyo ilikuwa na kitundu, ila ndani ya kitundu hapakuwa tena na njia ya kuona nje: palikuwa na kioo kidogo cha umeme nyuma ya lenzi ya kukuzia. Mwaka 2009 Olympus ikatoa E-P1 bila kitundu kabisa, na mwaka 2010 Sony ikafuata na NEX-5, nayo haina kitundu, lakini kioo chake cha nyuma huinamishwa na kuinuliwa. Tangu hapo mnunuzi amekuwa akilipia kitundu kwa fedha na kwa ukubwa wa kamera. Anachochagua kwa hakika ni kati ya vioo viwili, kimoja kilichofungiwa gizani kwa ajili ya jicho moja, kingine kilichowekwa wazi.

Saa sita mchana katika nyanda za Chemba, wakati wa kiangazi, kitundu hushinda bila ubishi. Mwanga hufuta kioo cha nyuma, na mpiga picha huona uso wake mwenyewe badala ya mchoro. Tena kamera iliyoegemezwa kwenye paji la uso hutulia, na chini ya kivuli cha mwamba, ambamo lenzi huhitaji kufunguka kwa muda mrefu zaidi, utulivu huo ni mali. Lakini wachoraji wa kale hawakuwafikiria wapiga picha. Walichora chini ya miamba iliyoinama, mahali ambapo shingo haipiti. Hapo kioo kinachogeuzwa hufanya kazi ambayo kitundu hakiiwezi, isipokuwa mtu alale chali vumbini.

Hata hivyo hoja nzito zaidi haihusu shingo wala jua. Katika miaka ya 1960 Eric ten Raa aliishi na kufanya utafiti Usandawe, akaandika kwamba uchoraji ule haukuwa umekufa katika kumbukumbu za watu. Ulihusiana na uwindaji na mizimu, na na simbó, ngoma ya kupandwa ambamo mtu huwa simba. Basi wenye kuijua michoro walikuwapo, wamesimama kando ya mwamba, ilhali kitundu kilikuwa cha mgeni. Mzee alisubiri, filamu ikaenda Ulaya kusafishwa, majibu, kama yalirudi, yalirudi katika lugha asiyoisoma. Kioo cha nyuma ndicho cha kwanza kumruhusu aseme papo hapo: hapo umekata kichwa, rudi kushoto, yule si mbwa.

Na kioo kimeongezewa nguvu. Mwaka 2005 Jon Harman wa Marekani alitengeneza programu iitwayo DStretch, akitumia mbinu iliyobuniwa kwa picha za satelaiti: huzivuta rangi zinazokaribiana hadi zitengane, bila tone la maji kugusa jiwe. Mtafiti wa Poland, Maciej Grzelczyk, aliitumia kwa michoro ya pori la akiba la Swaga Swaga, katika pango liitwalo Amak'hee 4 aliloliona mwaka 2018 na kulitangaza mwaka 2021. Humo zilidhihirika sura tatu za watu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati, katikati ya safu ndefu ya michoro ambayo karibu yote ni myekundu. Programu ya namna hiyo imeingia hata kwenye simu, hivyo yasiyoonekana kwa macho huweza kutokea mkononi, pale pale pangoni.

Ipo hofu ya haki. Huko Kolo wapo waliochimbua mapango wakiamini kwamba Wajerumani walizika dhahabu, na picha inayosambazwa huwaelekeza njia. Hofu hiyo yahusu kinachofanywa na picha baada ya kupigwa, nayo ingekuwapo hata kama kila kamera ingekuwa na kitundu.

Kwa kazi ya Chemba, basi, mwenye fedha za kamera moja ndogo na anunue yenye kioo kinachogeuka. Jua la adhuhuri lina dawa yake ya zamani, ile ya mafundi wa masanduku ya mbao: nguo kichwani. Kanga yatosha, tena ni pana kuliko nguo ya fundi, na chini yake huingia vichwa viwili, cha mpiga picha na cha mzee wa mahali.