Kitu Kisichofungwa

Siku ya kwanza nilipopanda mtumbwi pale Nyamisati, Kibiti, nilipoteza tochi. Nilikuwa nimeiweka pajani kama niko sebuleni. Mtumbwi ukayumba, tochi ikaenda. Chubwi! Basi. Nahodha hakucheka. Alinionyesha upo wake wa kuchotea maji, kipande tu cha dumu lililokatwa, lakini umefungwa kwa kamba ya nailoni. Panga lina kamba. Kasia la akiba lina kamba. Akasema, "Mwanangu, kwenye mto huu kitu kisichofungwa si chako."

Ndugu msomaji, maneno yale ndiyo yaliyonirudisha kwenye historia ya mto wenyewe.

Wengi tumesikia habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja, kisha ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza wakalinda midomo ya mto, wakaleta ndege Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 meli zao mbili, Severn na Mersey, zikaipiga mpaka Kapteni Max Looff akaamuru ilipuliwe na wenyewe.

Hapo ndipo masimulizi mengi yanapoharakisha, nami ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kabla ya kuiacha meli, mabaharia walitupa majini vile vipande vya chuma vinavyofunga mizinga kwa nyuma. Mzinga bila kifungio ni bomba tu; kuku anaweza kutagia humo. Lakini baadaye Wajerumani walirudi kuopoa. Mizinga yote 10 ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, ikapigana vita vya nchi kavu. Leo mitatu bado inatazamwa na watu: mmoja Mombasa, mmoja Jinja, mmoja Pretoria. Kila mmoja uliwahi kutegemea kipande ambacho mtu mmoja aliweza kukitupa mtoni.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea miezi mitatu nyuma, kaskazini ya Tanga. Meli ya Rubens, iliyokuwa inailetea Königsberg makaa, ilishambuliwa Aprili 1915 katika ghuba ya Manza. Wajerumani walizama wakatoa bunduki na risasi, kisha risasi zikafunguliwa na kukaushwa. Vita vizima vikaning'inia kwenye mikono ya watu wanaopapasa gizani.

Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa manowari ya Pegasus wakati wa vita ile, alinunua haki ya kuokoa mali ndani ya Königsberg kwa pauni 200. Akapeleka wapiga mbizi watafute shaba na madini mengine yasiyo chuma. Hebu mfikirie mpiga mbizi wa zama zile: kofia ya shaba kichwani, risasi kifuani na miguuni, mpira wa hewa unaopampiwa kutoka juu, na kamba ya uhai kiunoni. Akiivuta, walio juu wanajua ana neno. Kisu kiko kwenye mkanda. Rufiji maji yake ni tope; macho hayana kazi kule. Kisu kikichomoka, kimekwenda. Asipokuwa nacho na kamba ikamnasa, naye amekwenda.

Mwaka 1943 Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa cha kupumulia kutoka mtungi wa mgongoni. Mzamiaji akawa huru, hana tena mpira wa kumvuta. Lakini uhuru una gharama yake: sasa kila kitu anakibeba mwenyewe, tochi, geji ya hewa, kisu, mdomo wa pili wa kuvutia hewa. Vikiachwa vining'inie, vinakwaruza matumbawe na kunasa kwenye nyavu. Wazamiaji wa mapango, hasa wale wa Florida, Marekani, walijifunza hilo kwa misiba.

Kanuni zao ni rahisi kusema. Kila kifaa kina mahali pake, ambapo mkono unapafikia bila macho. Kulabu iwe ile inayofunguliwa kwa makusudi, kwa kuvuta kwa kidole gumba. Ile ya mlango wa kusukumwa itajifunga yenyewe kwenye kamba yoyote inayopita. Na iliyo kubwa kuliko zote: usifunge chuma kwa chuma. Kati ya kulabu na kifaa weka uzi wa nailoni, uzungushe mara kadhaa, ukaze fundo, uchome ncha kwa moto zisifumuke. Mshipi ule hautakatika wenyewe. Lakini siku kulabu ikigoma au tochi ikinasa, kisu kinaukata, nawe unapanda juu.

Si mchezo, fundo hilo. Limekaza vya kutosha usipoteze, na linakatika vya kutosha usipotee. Upo wa nahodha wa Nyamisati umefungwa hivyo hivyo.

Ilipofika mwaka 1966 mabaki ya Königsberg yaliporomoka yakazama kwenye tope la mto. Majina ya wakubwa tunayo: Looff, Ingle. Ya waliopapasa tope na waliokokota mizinga kwenye mchanga wa nchi hii, vitabu vingi havina. Hayakufungwa na mtu.

Kwa hiyo wewe mwandishi mwenzangu unayesubiri kisa kikubwa, ukienda Kibiti chukua daftari. Muulize mzee jina la babu yake, na kazi aliyofanya mwaka ule. Liandike pale pale, kabla mtumbwi haujayumba.