CHUPA JUU YA MEZA YA WAAMUZI

Tangu kale wanadamu wamehifadhi mazao kwa chumvi, siki, sukari na jua, ili neema ya mavuno isaidie katika majira ya uhaba. Achari ya maembe na ndimu, inayojulikana sana katika pwani ya Afrika Mashariki, ni ya ukoo huo. Nchini Marekani kazi hiyo ya jikoni ilipata pia sura ya burudani na mashindano, na historia yake inastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndani yake yamo mambo mazito kuliko utepe wa mshindi.

Msingi wake uliwekwa Ufaransa. Nicolas Appert, mpishi na mtengenezaji wa vitu vitamu, aligundua kwamba chakula kilichofungwa vizuri ndani ya chupa na kuchemshwa hudumu muda mrefu bila kuoza. Mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aitangaze njia yake, naye akaichapisha kitabuni. Appert hakujua sababu ya kufaulu kwake. Ilibidi Louis Pasteur aeleze kazi ya vijidudu nusu karne baadaye.

Huko Marekani, tarehe 30 Novemba 1858, John Landis Mason alipewa hataza ya chupa yenye shingo ya skrubu na mfuniko wake. Tangu hapo mama wa nyumbani aliweza kufunga jemu na achari zake kwa mikono yake mwenyewe. Mason hakutajirika, alifariki maskini mwaka 1902. Wakati huohuo maonyesho ya kilimo yalikuwa yakienea. Elkanah Watson alikwisha kuanzisha Chama cha Kilimo cha Berkshire, katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1811, na baada ya muda meza za maonyesho zilijaa chupa za matunda kando ya ng'ombe na mahindi.

Hatua kubwa ilifuata mwaka 1910 katika wilaya ya Aiken, South Carolina. Mwalimu Marie Cromer aliona kwamba wavulana walikuwa na vyama vya kulima mahindi, ilhali wasichana hawakuwa na chochote. Akawakusanya wasichana 47, kila mmoja akalima nyanya katika sehemu ya kumi ya ekari, yaani kama mita 400 za mraba. Walipanda, wakapalilia, wakavuna, wakatia nyanya katika makopo na kulehemu vifuniko, kisha wakauza. Zawadi ya kwanza ilikuwa nafasi ya kusoma chuoni. Kwa msichana wa shambani wa zamani zile, kopo la nyanya lilikuwa mlango wa elimu na fedha yake mwenyewe.

Vyama hivyo vilienea haraka katika majimbo ya kusini. Mwaka 1914 Sheria ya Smith-Lever iliimarisha mafunzo ya nyumbani na ya shambani kwa fedha za serikali, na baadaye vyama vya wavulana na wasichana vikaunganishwa katika 4-H. Hata hivyo haifai kuficha kwamba kazi hiyo iliendeshwa kwa ubaguzi: watu weusi walitengwa katika vyama vyao wenyewe, wakihudumiwa na walimu weusi.

Pamoja na furaha hiyo palikuwa na hatari. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, watu waliokula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa waliugua, na watatu wakafariki. Profesa Émile van Ermengem aligundua bakteria iliyosababisha maafa hayo. Mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka, na sumu yake yaweza kuwamo katika chakula kisicho na harufu wala dalili yoyote. Haistawi penye uchachu wa kutosha. Ndiyo maana jemu na achari za siki zina usalama kuliko maharage au nyama. Mwaka 1917 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliagiza kwamba vyakula visivyo vichachu vipikwe katika sufuria ya presha. Nyanya, zilizo karibu na mpaka huo, leo huongezewa maji ya limau.

Kwa sababu hiyo waamuzi wa maonyesho hawatazami uzuri peke yake. Huangalia rangi, ulinganifu wa vipande, nafasi iliyoachwa chini ya mfuniko, na kama mfuniko umeshika sawasawa. Katika mashindano mengi mshiriki hutakiwa kueleza namna alivyopika na kwa dakika ngapi. Chupa iliyotengenezwa kwa njia isiyo salama hukataliwa, hata iwe inang'aa namna gani. Utepe wa buluu humwendea yule ambaye jirani anaweza kula chakula chake bila hofu.