Mtihani wa Yatima na Mtihani wa Darasa la Saba

Kila mwaka ifikapo Septemba, watoto wa darasa la saba katika jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru huketi kufanya mtihani mmoja na wenzao wa nchi nzima. Wazazi huomba dua, walimu huweka makambi ya kusoma usiku na mchana. Matokeo yakishatoka, mtoto wa miaka 13 hubandikwa jina: huyu kafaulu, yule kafeli. Tumeona ni vyema tuiangalie historia ya mtihani huu kwa jicho la fiqhi, kwani Uislamu si mgeni katika suala la kumpima mtoto.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Allah (S.W.) anawaamuru walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana busara wakabidhiwe mali zao. Kutokana na aya hii mafaqihi walijenga mlango mzima wa hukumu. Imam An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), ambaye kitabu chake cha Minhaj ni miongoni mwa nguzo za madhehebu yetu ya Shafii hapa Afrika Mashariki, anaeleza kuwa jaribio hutofautiana kulingana na hali ya mtoto. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kununua, kuuza na kupatana bei; mtoto wa mkulima kwa kilimo; mtoto wa fundi kwa ufundi. Tena ni sharti jaribio lirudiwe, mara mbili au zaidi.

Ndugu msomaji, zingatia mambo matatu hapa. Kwanza, mtoto hupimwa kwa kile alicholelewa nacho. Pili, hahukumiwi kwa siku moja. Tatu, na hili ndilo kubwa, hupimwa ili apewe haki yake. Yatima asiyeonekana na busara hanyang'anywi kitu; mali hubaki ni yake, na mlezi anawajibika kumtunza na kumjaribu tena.

Mtume (s.a.w.) naye aliwauliza Maswahaba ni mti gani unaofanana na Muislamu. Ibn Umar, akiwa bado kijana mdogo, alijua kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Imam Bukhari ameiweka hadithi hii chini ya mlango wa kiongozi kuwauliza wenzake ili kupima elimu waliyonayo. Ni funzo kwa kila mtahini: ukimya wa mtoto si dalili ya ujinga.

Sasa tuje Meru. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig waliuawa Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa vita vikali. Boma la Arusha lilijengwa mwishoni mwa karne hiyo. Misheni ilirejea Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, ikaja na shule zake. Mjini, kulizunguka boma, waliishi askari, wachuuzi na mafundi, wengi wao Waislamu, na watoto wao walisoma chuoni. Kipimo cha chuoni kilikuwa khitma: mtoto husomeshwa mpaka ahitimu, huyu kwa miaka miwili, yule kwa minne, wala hapakuwa na idadi ya nafasi.

Waingereza walipoanza kutoa ruzuku ya elimu katika miaka ya 1920, walizipa shule zilizofuata mtaala wa serikali. Vyuo vya Qur'an havikuwamo. Baadaye mtihani wa darasa la nne ukawa mlango wa kuingilia shule ya kati. Hapo maana ya mtihani iligeuka. Nafasi zilikuwa chache, na kazi ya mtihani ikawa kutafuta wa kuachwa. Mtoto wa Kiislamu aliyehitimu chuoni hakuwa na cha kuonyesha mlangoni hapo, na wazazi wengi waliogopa kumpeleka shule ya misheni asije akabadilishwa dini.

Baada ya Uhuru mlango huo haukuvunjwa mara moja. Mwaka 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo aliikosoa mitihani kuwa hupima kukumbuka mambo, haipimi tabia wala uwezo wa kufikiri. Wakati huo, katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, hawakufika 20 waliopata nafasi ya sekondari. Mchujo wa darasa la nne uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini ule wa darasa la saba ulibaki, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Serikali iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa ili zisihodhiwe na sehemu zilizotangulia kuwa na shule nyingi. Kugawa huko kulikuwa kukiri kwamba mtihani sawa kwa wasio sawa hauleti uadilifu.

Tangu mwaka 2004 sekondari za kata zimeongeza nafasi mara nyingi, na sera ya elimu, toleo la 2023, imeweka shule ya msingi ya miaka 6 na elimu ya lazima ya miaka 10. Ikiwa kila mtoto ana haki ya kuendelea, basi sababu ya mchujo imeondoka, na kama wasemavyo wanachuoni, hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Kinachobaki ni upimaji wa yatima: kujua mtoto amefika wapi ili asaidiwe.

Hatusemi mitihani ifutwe, wala hatuhalalishi uvivu. Wizi wa mtihani ni ghushi, na ghushi ni haramu. Lakini tuanze na nafsi zetu. Madrasa zetu nyingi za Arusha nazo siku hizi zinapanga watoto wa kwanza hadi wa mwisho na kuwasomea hadharani. Mwalimu anayemsoma wa mwisho ajiulize: je, nimemjaribu mara ya pili?

Wallahu A'lam.